Nyuki wa Uani: Lindo la Kungoja Mvua ya Machi

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Lakini mtu atakayewafuata nyuki wa Kampala mwishoni mwa mwezi wa Februari hatafika penye asali. Atafika kwenye bomba la maji la jirani, kwenye ndoo ya mama auzaye maji ya matunda kando ya barabara, na kwenye jaa lenye maganda ya mananasi na makapi ya miwa. Hiyo ndiyo njaa ya nyuki. Kila afugaye nyuki nyuma ya nyumba yake hana budi kuijua, kwa maana asali itakayorinwa mwezi wa Juni huokolewa au hupotezwa katika majuma hayo ambayo mzingani hamna asali ya kurina.

Makala hii yakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, pamoja na jamaa zao, namna ya kuilinda mizinga wakati huo wa kungoja mvua. Askari wengi huvutiwa na kazi hii kwa sababu haihitaji shamba kubwa, wala haimlazimu mtu kushinda nayo kutwa. Mume akipelekwa mbali kikazi, mke aweza kuiendesha. Naye aliyekaribia kustaafu aweza kuianza na mizinga miwili tu. Tena si kazi ngeni kwetu. Mababu zetu walitundika mizinga ya magogo, na mingine ya vikapu vilivyokandikwa kwa mavi ya ng'ombe. Mwaka 2003 kiliundwa chama cha taifa cha wafugaji nyuki kiitwacho TUNADO, na mwaka 2005 Uganda ilipata idhini ya kuuza asali yake katika nchi za Umoja wa Ulaya. Soko lipo. Linalowashinda wengi ni kuwaweka nyuki mzingani mwaka mzima.

BARIDI YA WENZETU, KIANGAZI CHETU

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyuki hukabiliwa na baridi kali kwa miezi kadhaa. Theluji ikianguka hawatoki nje. Hujikusanya katikati ya masega wakawa kama ngumi moja, wakaitetemesha misuli ya mabawa ili watoe joto, nao walioko nje ya ngumi hiyo hupokezana na walioko ndani. Muda wote huo hula asali waliyoiweka akiba, na kundi moja laweza kuhitaji kilo 15 hadi 30 ili livuke salama.

Wengi hudhani kwamba nyuki wa huko hufa kwa baridi. Ukweli ni kwamba aghalabu hufa kwa njaa, tena si katikati ya majira ya baridi bali mwishoni, wakati maua yamekaribia kuchanua. Sababu yake yafahamika. Mwaka uanzapo, malkia huanza kutaga mayai tena ingawa nje bado ni theluji. Majana, yaani watoto wa nyuki, hutaka joto la nyuzi 34 hadi 35 za sentigredi, nao hutaka chakula kila saa. Hivyo ulaji wazidi wakati ghala lakwisha. Ndiyo maana mfugaji stadi wa huko hupita kwenye mizinga yake mwezi wa Februari na Machi bila ya kuifungua. Huinua tu ukingo wa nyuma kwa mkono mmoja ili asikie uzito wake. Ulio mwepesi huulisha.

Mji wa Kampala uko kiasi cha kilometa 35 tu kaskazini mwa Ikweta, katika kimo cha mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa hakuna theluji. Mwaka wetu hugawanywa na mvua: masika huanza Machi hadi Mei, na vuli huanza Septemba hadi Novemba au Desemba mwanzoni. Kati ya mvua hizo kuna kiangazi mara mbili, na kile cha kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari ndicho kinachowatesa nyuki wa uani. Majani hukauka na vimaua vya vichakani hunyauka. Migomba yaendelea kutoa maua, na mikaratusi nayo hutoa kidogo. Lakini kila mwaka miti hukatwa ili nyumba zijengwe, na nyuki hulazimika kuruka mbali zaidi kutafuta kile alichokuwa akikipata ng'ambo ya ua.

Hapo ndipo nyuki wetu anapotofautiana na nyuki wa Ulaya. Yule wa Ulaya akikosa chakula katika theluji, hana pa kwenda. Atakufa mzingani mwake. Nyuki wa Afrika amezaliwa katika bara ambalo pakiwa na njaa bonde hili, huenda mvua imenyesha bonde la pili. Yeye hafi kwa kungoja. Yeye huhama, kama mchungaji ahamaye na mifugo yake. Kuhama huko si uhaini; ndiyo akili iliyomhifadhi. Lakini kwa mfugaji matokeo ni yale yale: mzinga mtupu.

HAMA MBILI

Yafaa ikumbukwe kwamba nyuki wetu wana hama za aina mbili, na dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

Ya kwanza ni hama ya bughudha. Siafu wakivamia usiku, nyegere akiupasua mzinga, moto wa nyasi ukipita chini yake, au mwenyewe akiufungua kila mara kwa udadisi, nyuki huondoka ghafla. Huacha majana yao, na mara nyingine huacha hata asali.

Ya pili ni hama ya njaa, nayo haina haraka. Chakula kipunguapo, malkia hupunguza kutaga, na mwishowe huacha kabisa. Wafanya kazi hungoja hadi majana ya mwisho yakomae na kutoka katika vyumba vyao. Kisha hujaza matumbo yao kwa asali iliyobaki, na siku moja yenye jua zuri kundi zima huondoka pamoja na malkia. Mfugaji ajapo jioni hukuta masega makavu na safi, bila maiti wala dalili ya vita.

Kwa kuwa tangu yai kutagwa hadi nyuki mfanya kazi kutoka hupita siku zipatazo 20, ni dhahiri kwamba nyuki wenye njaa hutoa ilani ya karibu majuma matatu kabla ya kuondoka. Anayeijua ilani hiyo anao wakati wa kutosha wa kuwazuia. Asiyeijua huamka siku moja akasema ameibiwa.

Ilani yenyewe husomwa mlangoni mwa mzinga, wala haidai mtu afungue kifuniko. Simama ubavuni asubuhi, kwa umbali wa hatua chache, utazame miguu ya nyuki warudio. Wakiwa na vifurushi vya chavua, vya manjano au vyeupe, fahamu kwamba ndani mna majana yanayolishwa. Ukikaa dakika tano usione kifurushi hata kimoja, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, fahamu kwamba malkia amepumzika. Kisha inua ukingo wa mzinga kama wafanyavyo wafugaji wa Ulaya. Ukiwa mwepesi, saa imefika.

KOSA LA KRISMASI

Mwandishi wa makala hii aliyajua hayo kwa hasara. Alikuwa na mizinga mitatu nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko wa mashariki mwa Kampala. Ilikuwa mizinga ya papi, ya aina iliyobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Kanada: sanduku lenye mbavu za mteremko, na juu yake papi za mbao zilizopangwa bega kwa bega, kila moja na upana wa milimita 32. Upana huo ndio nafasi ya sega moja la nyuki wetu pamoja na njia yao ya kupita.

Mwaka wa kwanza vuli ilikuwa njema na masega yakajaa. Ilipokaribia Krismasi, wateja walikuwa tayari na chupa zao, na mwandishi akarina kila sega lililokuwa na asali, akaacha yale ya majana tu. Chupa zikaisha kwa siku mbili. Alijihesabu kuwa mtu hodari. Katikati ya Februari mzinga wa kwanza ukawa mtupu. Juma lililofuata, wa pili. Wa tatu ukabaki na kundi dogo lisiloweza kujilinda, na nondo wa nta wakalimaliza. Fedha za chupa zile hazikutosha hata kulipia mbao za mizinga. Mke wake, aliyekuwa amemshauri aache asali kidogo, hakusema neno. Aliiosha tu mitungi na kuipanga kabatini, nayo ikakaa humo mwaka mzima.

Makosa hayakuwa ya kiangazi. Asali iliyo mzingani mwezi wa Desemba si mali ya mfugaji peke yake. Sehemu yake ni posho ya nyuki ya miezi miwili ijayo, na kikosi hakiwezi kulinda lindo baada ya kunyang'anywa posho. Tangu hapo mwandishi haondoi masega yote. Katika kila mzinga huacha masega yasiyopungua matano yenye asali, hata kama mteja amesimama mlangoni na fedha mkononi. Akiba haiozi.

KAZI ZA LINDO

Wakati wa kiangazi mfugaji ana kazi tano, nazo zote ni ndogo.

Kazi ya kwanza ni maji. Nyuki huyahitaji kwa kunywa, kwa kuzimua asali nzito, na kwa kuupoza mzinga jua likiwa kali. Weka karai pana lenye maji na mawe yatokezayo juu ili nyuki wasizame, nawe ulijaze kila siku. Liweke mapema, kabla kiangazi hakijakolea, kwa maana nyuki akishazoea bomba la jirani ni vigumu kumwachisha.

Kazi ya pili ni chakula. Kundi likiwa limepungukiwa, changanya kilo moja ya sukari na lita moja ya maji ya moto, koroga hadi iyeyuke, acha ipoe. Itie katika bakuli la kina kifupi lenye vijiti vya kusimamia, uliweke ndani ya mzinga wakati wa magharibi. Usiwalishe mchana wala nje ya mzinga, maana harufu itawaita nyuki wa makundi mengine na watapigana. Usiwape asali usiyojua ilikotoka, kwa kuwa huenda ikaleta maradhi. Na maua yakianza, acha mara moja: asali iliyochanganyika na maji ya sukari si asali, na anayeiuza anamdanganya mnunuzi.

Kazi ya tatu ni adui. Siafu waweza kulimaliza kundi zima kwa usiku mmoja. Mzinga na uning'inizwe kwa waya, au usimame juu ya nguzo, na waya au nguzo hizo zipakwe grisi ambayo itapakwa upya kila inapokauka. Nyasi za chini zifyekwe, lisibaki hata jani moja la kuwa daraja. Masega matupu ambayo nyuki hawawezi kuyafunika yaondolewe, kwa kuwa nondo wa nta na mbawakawa wadogo wa mizinga huanzia humo. Mlango nao upunguzwe, ili walinzi wachache waweze kuulinda.

Kazi ya nne ni kivuli. Mzinga uliopigwa na jua la saa nane mchana huwalazimu nyuki kuchota maji badala ya kutafuta maua. Paa dogo la nyasi latosha.

Kazi ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Kila mara mzinga ufunguliwapo na kufukizwa moshi, nyuki hukimbilia asali na kujaza matumbo tayari kwa kuondoka. Kuwafanyia hivyo wenye njaa ni kuwafundisha kuhama. Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku ajua kwamba lindo jema ni lile ambalo asubuhi hakuna la kuripoti.

JIRANI NAYE ANA HAKI

Nyuki wetu ni wakali, na mji wa Kampala ni wa watu wengi. Asiyeweza kumhakikishia jirani yake usalama asifuge. Mwenye kukaa katika kambi ambayo nyumba zimesongamana, afadhali apeleke mizinga yake shambani. Penye nafasi, apate kwanza ruhusa ya mkuu wake ikiwa yuko kambini, au azungumze na majirani na mwenyekiti wa LC1 ikiwa yuko mtaani. Mzinga na uwe mbali na njia, mbele yake pawe na ua mrefu kupita kimo cha mtu ili nyuki warukapo wapande juu ya vichwa vya watu. Mbuzi asifungwe karibu. Hana namna ya kukimbia. Kazi zote za mzinga zifanywe jioni, kwa wavu wa uso na bomba la moshi, watoto wakiwa ndani. Wala asile mtu ndizi mbivu karibu na mizinga, hata bogoya iliyo tamu namna gani: harufu ambayo nyuki huitoa ili kuwaita wenzake vitani hufanana na ile ya ndizi mbivu.

Historia ya vita yatukumbusha jambo hili. Mwezi Novemba 1914, Meja Jenerali Arthur Aitken aliwashusha Tanga askari wapatao 8,000 wa jeshi la Waingereza kutoka Bara Hindi, wapigane na kikosi cha Wajerumani cha watu 1,000 hivi kilichoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4, katikati ya mapigano, nyuki waliochokozwa na risasi walitoka wakawashambulia askari. Baadhi ya Waingereza walidai kwamba Wajerumani walikuwa wameitega mizinga hiyo kwa makusudi. Lakini Wajerumani nao walidungwa. Nyuki hakuwa upande wa mtu. Alikuwa akilinda nyumba yake, nayo mapigano hayo yakabaki katika vitabu kwa jina la Vita vya Nyuki.

Kwa ndugu zetu wa polisi, ambao huitwa kila mara kundi linapotua shuleni au sokoni, neno moja lafaa. Nyuki waliojikusanya tawini wakiwa safarini hawana majana wala asali ya kutetea, na aghalabu si wakali wasipochokozwa. Waondoeni watu, msirushe mawe, msimwage petroli wala kuwasha moto. Mwiteni mfugaji aje jioni. Mtu akidungwa, akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari bila kupunga mikono, kisha miiba ikwanguliwe upesi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali hapo hapo, ijapokuwa ni mwiba mmoja tu.

MVUA IKIJA

Mwaka wa pili mwandishi aliitundika tena mizinga yake, akaipaka nta na kuisugua kwa mchaichai ndani, na makundi matatu yakaingia yenyewe. Desemba ilipofika aliacha posho. Januari aliweka karai la maji. Kuanzia mwanzo wa Februari, yeye au mkewe alisimama mlangoni mwa kila mzinga dakika tano kila asubuhi, wakihesabu vifurushi vya chavua: kumi, sita, viwili, kimoja. Mzinga wa mwisho ulipofikia siku tatu bila kifurushi, wakaulisha mara mbili kwa juma. Hata hivyo uliondoka. Kulisha huchelewesha safari. Hakuizuii daima, na mfugaji mkweli hana budi kusema hivyo. Walisafisha masega yake, wakaufunga, wakauacha tayari kwa wageni wa msimu ujao.

Mizinga miwili ilibaki. Juma la kwanza la Machi mvua ilinyesha usiku kucha. Siku chache baadaye mibuni ya jirani ikawa meupe. Maua ya kahawa hayadumu ila siku mbili tatu, na kundi lililodhoofika hupitwa nayo kabla halijapata nyuki wa kutosha kutoka nje. Lile lililovuka likiwa na nguvu huwahi yote. Baadaye ikachanua nsambya kwa maua yake ya manjano, na vichakani vimaua vidogo vya kila namna. Mlangoni chavua ikaingia kwa wingi hata mkewe akaacha kuhesabu. Juni walirina kilo 11 katika mizinga miwili, wakaacha masega matano kila mmoja.

Kwa anayetaka kuanza, wakati mwema ni sasa, hata kama hana mzinga bado. Na apande kaliandra kando ya ua, maana katika mahali penye mvua kama hapa hutoa maua sehemu kubwa ya mwaka na majani yake ni malisho ya mbuzi. Kisha ajizoeze kuhesabu vifurushi vya chavua mlangoni mwa mzinga wa mwenzake. Hakuna mshahara kwa dakika hizo tano, wala sifa. Lakini siku mvua itakapokuja, nyuki watakuwapo nyumbani kuipokea.